Kupanga mota na pampu kwenye kaplingi ya mpira, hatua kwa hatua

Maswali kuhusu kaplingi, yaani kiungo kati ya shafti ya mota na ya pampu, ni yale yale. "Nimebadilisha mpira wa kaplingi juzi tu, umeshakuwa unga." "Sili ya pampu inavuja tena, na ni mpya." "Beringi ya mbele ya mota inaunguza mkono." Anayeuliza huwa tayari ameshamlaumu muuza spea. Spea mbovu zipo, hilo halina ubishi, lakini dalili hizi zikija pamoja, mara nyingi chanzo ni kimoja: shafti ya mota na shafti ya pampu hazitazamani sawasawa.

Kuna imani ya kung'oa kabla hujashika spana, nayo ni kwamba kaplingi ya mpira inasamehe. Katalogi inaweza kukuambia kaplingi inavumilia kupishana kwa sehemu kadhaa za kumi za milimita. Ni kweli, ila namba hiyo inaizungumzia kaplingi peke yake. Mpira utastahimili, beringi na sili (kizuizi cha maji yasivuje kwenye shafti) zilizo nyuma yake hazikuulizwa. Kila mzunguko, mpira uliokunjwa unaisukuma shafti pembeni. Mota ya mizunguko 1450 kwa dakika inazunguka zaidi ya mara milioni mbili kwa siku. Kwa hiyo namba utakazofuata hapa ni za upangaji, na ni kali kuliko za katalogi ya kaplingi.

Mwongozo huu unahusu mota ya umeme inayoendesha pampu ya maji moja kwa moja, zote mbili zikiwa juu ya besi moja ya chuma, kwa kaplingi ya taya yenye mpira wa nyota katikati (wengine huita spaida). Mfano wetu ni mota ya kW 7.5, poli 4, fremu (saizi ya bodi) 132M, saizi ya kawaida kabisa kwenye miradi ya maji na mashamba. Shafti yake ni mm 38. Kazi ni ile ile kwa mashine ya kusaga iliyofungwa bila mkanda, feni kubwa au giaboksi.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Dayogeji (saa ya kupimia yenye mshale) ya 0.01 mm, yenye mwendo wa angalau mm 5, na kishikio kigumu. Stendi ya sumaku inafaa ikiwa habu (nusu ya kaplingi inayovaa kwenye shafti) ni kubwa ya kutosha kuishika. Ikiwa ndogo, tumia kishikio cha mnyororo. Klipu ya bomba la mpira si kishikio.
- Fila geji (majani ya chuma ya kupimia mianya), rula ya chuma iliyonyooka, venia ya 0.02 mm. Ukiwa na maikromita ya ndani, bora zaidi.
- Shimu (vipande vyembamba vya kuweka chini ya miguu ya mota) za chuma kisichoshika kutu, zilizokatwa kwa umbo la U: 0.05, 0.10, 0.20, 0.50 na 1.00 mm, angalau nne za kila unene.
- Pula (ya kung'olea habu) ya miguu mitatu, spana, toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), kioo kidogo cha mkononi, tupa laini, msasa, brashi ya waya, chaki au kalamu ya rangi.
- Boriti nyuzi (fito ya chuma yenye nyuzi) ya M12 ya kama sentimita 20, nati yake na washa nene. Hii ni ya kuvutia habu kwenye shafti, na ndiyo kifaa kinachosahaulika kuliko vyote.
- Mpira mpya wa kaplingi wa saizi sahihi.
- Kufuli na kibao cha onyo kwa ajili ya swichi kuu.

Kuhusu shimu: usikate kopo la soda, usitumie karatasi, wala kipande cha msumeno. Alumini laini na karatasi hubonyea bolti zikikazwa na mashine ikitetemeka, na kazi yote ya siku inapotea bila wewe kujua. Majani ya fila geji yanafanya kazi kwa muda, lakini yanashika kutu, na utakuwa umeiharibu fila geji.

Hakikisha pia kaplingi yenyewe inatosha. Nguvu ya kusokota (Nm) ni 9550 × kW ÷ mizunguko kwa dakika. Kwa mota yetu: 9550 × 7.5 ÷ 1450 = karibu Nm 49. Mota inayowashwa moja kwa moja bila kianzishi laini hupiga mara mbili ya hapo au zaidi pale inapoanza, kwa hiyo chagua kaplingi iliyoandikwa Nm 100 au zaidi. Kwa kinu cha nyundo cha kusagia nafaka usibane bei hapo. Panda saizi moja juu.

Namba za kulenga

Makosa ya mstari ni ya aina mbili na karibu kila mara huja pamoja. Kupishana ni pale shafti zikiwa sambamba lakini moja iko juu au pembeni ya nyingine. Pembe ni pale moja imeinama kuielekea au kuikimbia nyingine.

Mizunguko 1500 kwa dakika: kupishana kusizidi 0.09 mm (kazi nzuri ni 0.06), pembe isizidi 0.07 mm kwa kila mm 100 za kipenyo (kazi nzuri ni 0.05).

Mizunguko 3000 kwa dakika: kupishana 0.06 mm (kazi nzuri 0.03), pembe 0.04 mm kwa kila mm 100 (kazi nzuri 0.03).

Unywele wa mtu una unene wa kama 0.07 mm. Ndiyo maana rula na jicho havitoshi.

Hatua

1. Zima, funga, jaribu. Zima swichi kuu, weka kufuli na kibao, ufunguo uingie mfukoni mwako. Bonyeza kitufe cha kuwashia uone kama kweli umeme umekatika. Kama kuna kidhibiti mwendo cha kielektroniki, subiri muda ulioandikwa kwenye bodi yake. Kapasita hubaki na chaji. Kisha funga valvu za pande zote mbili. Maji yaliyo kwenye tangi la juu yakirudi kupitia valvu ya kuzuia iliyochakaa, yataizungusha pampu kinyume, na vidole vyako vitakuwa humo ndani.

2. Pima hali ulivyoikuta. Kabla ya kulegeza bolti yoyote, weka alama ya mstari mmoja kwenye habu zote mbili, kisha pima mwanya kati ya habu hizo juu, chini, kushoto na kulia. Andika. Mafundi wengi huiruka hatua hii, halafu wanashindwa kumweleza mwenye mashine kilichoua beringi. Uangalie na mpira wa zamani ulivyoisha, maana unazungumza. Tafsiri yake iko karibu na mwisho.

3. Toa habu kwa pula. Legeza kwanza skrubu inayobana juu ya kii (kipande cha chuma kinachofanya habu na shafti zizunguke pamoja). Habu ikigoma, ipashe moto kutoka nje kwa haraka huku pula ikiwa imekaza, joto liishie kwenye habu kabla shafti haijapata moto. Usipige nyundo. Pigo la nyundo linapita kwenye shafti hadi kwenye beringi, na magololi yanaacha vidonda kwenye njia yake. Utaanza kusikia mlio wiki kadhaa baadaye na utadhani beringi ilikuwa feki.

 Safisha shafti kwa msasa laini. Weka dayogeji juu yake na uizungushe: ikiyumba zaidi ya 0.05 mm, shafti imepinda, na hakuna upangaji utakaoiponya.

4. Vaa habu mpya au uliyoisafisha. Shafti ya fremu 132 ina kii ya 10×8. Ikikaa kwenye mfereji wa shafti, juu ya kii ndani ya habu kunatakiwa kubaki nafasi ya kama 0.3 mm. Kii iliyochongwa nene kupita kiasi huinua habu upande mmoja, na habu itayumba milele. Kii ibane pembeni, isibane juu.

 Habu iliyochongwa vizuri haiingii kwa kusukuma kwa kidole. Ipashe joto hadi nyuzi 100 hivi, kwenye oveni au kwenye mafuta. Habu ya tundu la mm 38 ikipanda nyuzi 80 inafunguka kama 0.03 mm, na hiyo inatosha. Ikigoma katikati, acha nyundo palepale: mwisho wa shafti ya mm 38 una tundu lenye nyuzi za M12. Ingiza boriti nyuzi, weka washa na nati, kisha kaza nati ivute habu taratibu. Ukimaliza, uso wa habu ulingane na mwisho wa shafti. Kaza skrubu ya kubana kwa gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati.

 Pima kuyumba kwa habu: dayogeji kwenye ukingo, zungusha shafti. Zaidi ya 0.05 mm, itoe uangalie kii na uchafu.

5. Ua mguu unaoelea. Hapa ndipo kazi nyingi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

 Toa mota, ondoa shimu zote za zamani, kwangua rangi na kutu kwenye besi na chini ya miguu ya mota mpaka chuma kionekane. Vidonda vilivyoinuka vipitishe tupa. Anza na shimu moja safi ya 1 mm chini ya kila mguu. Hii itakupa nafasi ya kushusha mota baadaye ikibidi. Rudisha mota, kaza bolti zote nne.

 Sasa weka dayogeji juu ya mguu mmoja, iweke sifuri, na ulegeze bolti ya mguu huo tu. Mshale ukipanda zaidi ya 0.05 mm, mguu huo unaelea, kama meza ya hoteli inayochezacheza hadi ukunje karatasi chini yake. Kaza tena, nenda mguu wa pili, hadi umalize minne.

 Mguu unaoelea usawa wote unatibiwa kwa shimu ya unene ule ule. Lakini pitisha fila geji pande zote za mguu kwanza: ukikuta mwanya upande mmoja tu, mguu umeinama au besi imepinda, na shimu bapa haitasaidia. Hapo kuna kukata shimu za ngazi (za urefu tofauti, kujaza mwanya ulioinama), au kupeleka besi kwa mchonga vyuma. Usizidishe shimu nne chini ya mguu mmoja. Zikiwa nyingi zinakuwa springi. Zikifika nne, badilisha kwa kipande kimoja kinene.

 Ukiacha mguu unaelea, kila ukikaza bolti utapinda fremu ya mota, na vipimo vyako vitabadilika kila unapokaza. Watu hupoteza mchana mzima wakiifukuza mota hiyo.

6. Angalia mabomba. Weka dayogeji kwenye habu ya pampu, sindano ikigusa upande wa juu, stendi ikiwa kwenye besi. Legeza bolti za flenji za kuingizia na kutolea maji, uone mshale. Rudia kwa upande wa pembeni. Ikisogea zaidi ya 0.05 mm, mabomba yanaivuta pampu. Rekebisha bomba na vishikizo vyake. Kuvuta flenji kwa bolti ndefu hadi zikutane ni kuhamishia tatizo kwenye sili.

7. Panga kwa rula kwanza. Weka rula juu ya habu zote mbili, kisha pembeni, na usogeze mota mpaka mwanya chini ya rula usizidi 0.2 mm hivi. Pampu haiguswi, imefungwa na mabomba, mota ndiyo inayosogea. Acha kati ya habu nafasi iliyoandikwa kwenye katalogi. Kama huna katalogi, ingiza mpira, sukuma habu ziuguse, kisha rudisha mota nyuma milimita 1 hadi 1.5. Mpira haupaswi kubanwa kati ya habu mbili, kwa sababu shafti zikipata joto zitarefuka na kusukumana. Toa mpira kabla ya kupima.

8. Pima kwa dayogeji. Funga kishikio kwenye habu ya pampu, sindano iguse ukingo wa habu ya mota, karibu na uso wake. Weka sindano juu kabisa (saa 12), sogeza iingie nusu ya mwendo wake, kisha zungusha uso wa geji mshale usome sifuri.

 Zungusha shafti zote mbili kwa pamoja, ile alama uliyochora (ichore upya kama ulibadilisha habu) ikibaki imelingana. Hili ni la lazima: zikizunguka pamoja, kasoro ya uduara wa habu haiingii kwenye kipimo. Zungusha upande mmoja tu, usirudi nyuma. Soma saa 3, saa 6 (ndipo kioo kinapohitajika), saa 9, na urudi saa 12. Isiposoma sifuri tena, kuna kitu kimelegea, anza upya.

 Jaribio la uaminifu wa vipimo: jumla ya juu na chini ilingane na jumla ya kushoto na kulia, kwa tofauti isiyozidi 0.02 mm. Zisipolingana, usihesabu chochote.

 Katika mizunguko hiyo hiyo, pima mwanya kati ya nyuso za habu kwa venia, mahali palepale palipowekwa alama, alama ikiwa juu halafu ikiwa chini. Rudia mara tatu, chukua wastani. Kila unapopima, sukuma shafti zote upande mmoja ili mchezo wa beringi usikudanganye.

 Kishikio kirefu huinama kwa uzito wake. Kifunge kwenye bomba nene lililonyooka, sifuri juu, geuza bomba usome chini. Ikisoma −0.04, basi kila kipimo cha chini kwenye mashine kiongezee 0.04.

9. Hesabu. Kipimo cha ukingo ni mara mbili ya kosa, kwa hiyo gawanya kwa mbili. Kwa mpangilio huu (kishikio kwenye pampu, sindano kwenye mota, sifuri juu), kipimo cha chini kikiwa chanya mota iko chini. Kikiwa hasi mota iko juu. Mwanya ukiwa mpana juu, nyuma ya mota iko chini.

 Pima umbali kutoka sindano hadi bolti za mbele za mota: kwenye fremu 132M ni kama mm 170. Kutoka bolti za mbele hadi za nyuma ni mm 178, kwa hiyo za nyuma ziko mm 348 kutoka kwenye sindano.

 Tuseme umesoma +0.36 chini. Mota iko chini kwa 0.18. Mwanya juu ni 26.35, chini 26.20, tofauti 0.15 juu ya kipenyo cha mm 100, yaani 0.0015 kwa kila milimita.

 Mbele: 0.18 + (0.0015 × 170) = 0.435 mm.
 Nyuma: 0.18 + (0.0015 × 348) = 0.702 mm.

 Sasa joto. Hesabu hiyo inaziweka shafti sawa mota ikiwa baridi, lakini mota ikifanya kazi inapanda. Chuma hurefuka kama 0.011 mm kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Kutoka mguu hadi katikati ya shafti ni mm 132. Ikipanda nyuzi 40, mota inainuka 0.06 mm hivi. Yenye bodi ya alumini hupanda mara mbili ya hapo. Pampu ya maji baridi haipandi kitu. Kwa hiyo kwa bodi ya chuma punguza 0.05 kila upande: mbele 0.385, nyuma 0.652. Kwa shimu ulizonazo, mbele weka 0.40, nyuma 0.65. Ukipima tena, ukingo utaonyesha mota iko chini kwa kama 0.02 mm, na imebaki ndani ya namba.

 Pampu ya maji ya moto ni hesabu ya kugeuza: pampu ndiyo itakayopanda zaidi, mota iachwe juu.

10. Weka shimu, kaza, pima tena. Legeza bolti, inua mota kwa mtarimbo kiasi cha shimu kuingia, mguu mmoja baada ya mwingine. Ingiza shimu hadi igonge bolti kisha irudishe kidogo. Kaza kwa mkingamo, mizunguko mitatu: kwanza kwa mkono, kisha nusu, kisha kamili. Bolti za M10 za daraja 8.8 hukazwa kama Nm 45. Tumia mpangilio ule ule wa kukaza kila mara, la sivyo mota itakuwa inakaa mahali tofauti kila ukipima.

11. Kushoto na kulia. Maliza wima kwanza, ndipo uje hapa. Huku hakuna shimu. Weka sindano saa 3, sifuri, zungusha hadi saa 9, soma. Rudisha mshale hadi nusu ya kipimo hicho kwa kuisogeza sehemu ya mbele ya mota. Kisha linganisha mwanya wa kushoto na kulia kwa kusogeza sehemu ya nyuma. Ukigusa nyuma, mbele nayo inasogea kidogo, hivyo utarudi mara mbili tatu. Bolti za kusukumia zilizochomelewa kwenye besi zinaokoa muda mwingi. Kama hazipo, mchomeleaji atakuwekea nne, na mota iwe imeondolewa wakati anachomelea. Mkondo wa kuchomelea ukipita kwenye beringi unaiharibu.

 Bolti ikigota ukingo wa tundu kabla mota haijafika, usiichonge iwe nyembamba. Panua tundu la mguu kidogo, weka washa nene.

12. Jaribu mwelekeo kabla ya kuunganisha. Mpira ukiwa bado nje, taya za habu mbili zisiposhikana, na watu wakiwa mbali, washa mota sekunde moja uone inazunguka upande gani. Pampu ambazo panga lake (gurudumu la ndani linalosukuma maji) limefungwa kwa nyuzi kwenye shafti zikizungushwa kinyume, panga linafunguka na kusaga nyumba ya pampu. Ukikuta kinyume, badilishana waya mbili kati ya tatu za awamu.

 Iache mota iende peke yake dakika kumi. Mtetemo ukiwepo hata bila pampu, tatizo ni la mota yenyewe. Kisha zima, funga tena kwa kufuli.

13. Weka mpira, kinga, washa. Sogeza habu au mota kulingana na aina ya kaplingi yako, ingiza mpira, hakikisha nafasi ya mwisho wa shafti haikubadilika, na urudie kipimo cha haraka. Rudisha kinga ya kaplingi kabla ya kuwasha, si baadaye. Jaza pampu maji. Sili ikizunguka kavu haidumu. Washa, shika nyumba ya beringi kwa mkono baada ya nusu saa, saa moja, saa mbili. Ukiwa na kipima mtetemo, mota ndogo hadi kW 15 ibaki chini ya 1.8 mm/s.

 Baada ya siku ya kwanza ya kazi, zima, kaza bolti zote, na upime tena mashine ikiwa bado ya moto.

Mpira unasema nini

Unga mweusi au wa rangi ya mpira chini ya kaplingi, meno yakiwa yamelika sawasawa pande zote: kupishana au pembe. Rudi hatua ya 8.

Meno yamelika upande mmoja tu: mzigo umeuzidi mpira, au mota inawashwa na kuzimwa mara nyingi mno. Kabla ya kununua mpira mgumu zaidi, angalia swichi ya presha. Tangi la presha lililoishiwa upepo huiwasha pampu kila dakika. Mpira mgumu unabeba mzigo zaidi lakini unapitisha mapigo yote kwa beringi.

Mpira umenata, umelainika au umeyeyuka katikati: joto la kusokotwa mbele na nyuma, mara nyingi kwenye injini ya dizeli yenye silinda chache.

Umevimba: mafuta au kemikali imeufikia. Umepasuka vipandevipande na kuwa mkavu mahali penye mvuke au maji ya moto: huenda ni poliurethani, ambayo maji ya moto huila taratibu. Mpira wa nitrili huvumilia zaidi hapo. Usitegemee rangi peke yake kutambua ugumu. Kila kiwanda kina rangi zake. Soma maandishi ya Shore (kipimo cha ugumu) kwenye mpira.

Jino likipungua robo ya unene wake, badilisha, hata kama bado linazunguka.

Ikiwa bado kuna shida

Unga mwekundu kama kutu kati ya habu na shafti: habu imelegea na inasugua. Skrubu ya kubana haitaokoa. Tundu limeshakuwa kubwa, chonga habu nyingine.

Vipimo havirudi sawa: angalia sindano (inanata?), kishikio, mchezo wa beringi, na kama mtu ameegemea bomba wakati unasoma. Hili la mwisho hutokea kuliko unavyodhani.

Ulipanga vizuri baridi, ikipata moto inatetemeka: hesabu ya joto ilikuwa ndogo, au mabomba yanasukuma yakipata joto.

Sili inavuja siku chache baada ya upangaji mzuri: rudia hatua ya 6. Kama mabomba hayasogezi kitu, angalia beringi za pampu. Shafti inayochezacheza haitunzi sili yoyote.

Mashine ya injini ya dizeli yenye klachi kati ya injini na pampu hufuata hatua zile zile, lakini kwa tofauti mbili. Injini inapanda joto kuliko mota, kwa hiyo kosa la baridi unaloacha ni kubwa zaidi: pima urefu kutoka mguu hadi katikati ya shafti, uhesabu. Na kwenye klachi zenye beringi ndogo katikati ya flaiwili, beringi hiyo ndiyo inayokufa kwanza shafti zikipishana. Klachi inaanza kugoma kuachia ingawa marekebisho yake yako sawa, na watu hubadilisha sahani ya klachi ambayo haina kosa.